Sura ya Sita: Mji Ambako Maji Huchemka Mapema

Mtu akihama Dar es Salaam kuja kuishi Kigali, malalamiko yake ya kwanza huwa maharage. Ameyaloweka usiku kucha, ameyainjika alfajiri, mkaa umekwisha mara mbili, na adhuhuri ikiingia bado yanagonga kijiko. Jirani wa Nyamirambo humwambia kwa upole, "Dada, huku tuko mlimani." Jibu hilo limetimia, na mwalimu wa fizikia hana la kuongeza ila tarakimu. Kigali imekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza hapa ina shinikizo la kilopaskali 84 hivi, na ufukweni Dar es Salaam ni 101. Kwa hiyo maji yetu hayasubiri nyuzi 100. Huchemka kwenye nyuzi 95 za sentigredi, na yakishachemka hayapandi tena hata ukiongeza mkaa. Maharage huiva kwa joto, si kwa mapovu.

Sura hii inahusu chombo kinachosumbuliwa na jambo hilohilo: seli ya haidrojeni, ile inayotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni na kuacha maji peke yake. Moyo wa seli hiyo ni utando, mwembamba kama ganda la kitunguu, ambao haufanyi kazi ila ukiwa na maji. Aishiye pwani anaweza kulichukulia suala la maji hayo kuwa dogo. Kwetu sisi wa vilimani si dogo hata kidogo, na ndiyo maana ninaamini kwamba kazi inayofanywa duniani sasa, ya kuutia utando huo vitundu vidogo mno vya kushika maji, inatuhusu sisi kuliko wengi wanaoifanya.

Historia nitaipitia haraka, maana imeelezwa mahali pengi. William Grove wa Wales aliunda seli ya kwanza ya namna hii mwaka 1839, tena kwa mitungi ya kioo na asidi ya maji. Ilikaa zaidi ya miaka mia moja bila kazi ya maana, hadi kampuni ya General Electric ilipoweka utando wa polima mahali pa asidi ya maji. Agosti 1965 chombo cha Marekani cha Gemini 5 kilizunguka dunia kwa siku nane kikiendeshwa na seli hizo. Tando zake zilichakaa upesi. Utando uliodumu uliletwa na Walther Grot wa kampuni ya DuPont mwishoni mwa miaka ya 1960, nao unaitwa Nafion. Hadi leo kila utando mpya hupimwa kwa kulinganishwa na huo.

Hapa sasa nataka twende polepole.

Haidrojeni ikifika upande mmoja wa utando hukutana na platinamu, na kila atomu huvuliwa elektroni yake. Elektroni hutoka nje kupitia waya, na huo ndio umeme wetu. Kinachobaki ni protoni, kiini kitupu cha haidrojeni, ambayo haiwezi kupita kwenye waya. Sharti ivuke utando ikakutane na oksijeni ng'ambo ya pili. Sasa protoni huvukaje?

Nenda kituo chochote cha afya asubuhi ya Jumatatu. Kuna benchi refu, wagonjwa wamekaa bega kwa bega. Mgonjwa mpya anafika na kuketi mwisho wa benchi. Kila mmoja anasogea kidogo, na yule wa mbele kabisa anasimama na kuingia kwa daktari. Aliyeingia si yule aliyefika sasa hivi. Hakuna aliyetembea benchi zima, lakini mtu mmoja ameongezeka nyuma na mtu mmoja amepungua mbele. Ndivyo protoni zinavyovuka maji. Protoni inaidaka molekuli ya maji iliyo karibu, molekuli hiyo inaiachia jirani yake protoni nyingine iliyokuwa nayo, jirani naye vivyo hivyo, na kila hatua huchukua muda mfupi kiasi kwamba sekunde moja ina nafasi ya hatua mamia ya mabilioni. Wazo hilo la kupokezana lilitolewa na kijana Theodor von Grotthuss mwaka 1806, zaidi ya karne moja kabla Rutherford hajaipa protoni jina lake. Kila ninapolifikiria, hunishangaza kwamba mtu aliuona mnyororo kabla ya kuzijua pete zake.

Kuna na njia ya pili. Molekuli ya maji inaweza kuipakia protoni mgongoni na kusafiri nayo mwili mzima, kama motari wa Kigali na abiria wake. Njia hii ni ya polepole, na kila abiria anahitaji pikipiki yake. Utando wenye maji tele hutumia benchi kwa wingi. Utando unaokauka hubaki na pikipiki, na ukikauka zaidi hata hizo hukosekana.

Nafion imejengwa kwa ustadi kwa ajili ya benchi hilo. Uti wake wa mgongo unafanana na Teflon ya kikaangio, haupendi maji. Ila kutoka kwenye uti huo yananing'inia matawi yenye asidi ya salfoniki kwenye ncha, na ncha hizo zina kiu kali. Utando ukilowa, ncha hukusanyika pamoja na maji hujaa katikati yake, yakawa mifereji yenye upana wa nanometa chache tu. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kasoro iko hapo: mifereji hiyo haina kuta za kudumu. Ni kama puto. Maji yakiondoka, hunywea na kuachana, benchi likakatika vipande.

Tupige hesabu, maana bila hesabu madhara yake hayaonekani. Chukua utando wa Nafion wenye unene wa maikroni 50, umelowa vizuri, kwenye nyuzi 80. Ukipitisha mkondo wa ampea moja katika kila sentimita ya mraba, utapoteza ndani yake volti 0.05 hivi. Seli nzima ikiwa kazini hutoa karibu volti 0.65, kwa hiyo hasara hiyo inavumilika. Sasa acha hewa ikauke hadi unyevu uwe theluthi ya kiwango kamili. Uwezo wa utando wa kupitisha protoni unaweza kushuka mara kumi, na hasara ikapanda hadi nusu volti. Sehemu kubwa ya umeme imeliwa na utando wenyewe kabla haujaifikia hata taa moja.

Mhandisi atasema, lowesha hewa kabla ya kuiingiza. Huko pwani ni ushauri mzuri. Hapa Kigali hebu tuufuate tuone unatufikisha wapi. Kwenye nyuzi 80, hewa iliyoshiba mvuke ina kilopaskali 47 za mvuke peke yake. Dar es Salaam, ukitoa 47 katika 101, zinabaki 54 za hewa kavu, na humo oksijeni ni zaidi kidogo ya 11. Kigali unatoa 47 zilezile katika 84. Zinabaki 37, na oksijeni ni 7.8. Kwa hewa kavu mwinuko wetu ulikuwa umetunyima sehemu moja ya sita ya oksijeni. Kwa kuilowesha tumepoteza karibu theluthi. Mvuke umechukua viti ambavyo oksijeni ingekalia. Unaweza kuweka kompresa ya kusukuma hewa kwa nguvu, kama yafanyavyo magari ya haidrojeni, lakini kompresa nayo hula umeme ambao seli imetoka kuuzalisha, na mlimani hula zaidi.

Lakini igeuze hesabu. Tuseme tunao utando unaoridhika na nusu ya unyevu. Mvuke unashuka hadi kilopaskali 23 na nusu, zinabaki 60 na nusu za hewa, na oksijeni inapanda hadi 12.7. Seli ya Kigali yenye utando huo inapata oksijeni nyingi kuliko seli ya Dar es Salaam inayoloweshwa kikamilifu. Nilipoiandika hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Mwinuko wetu unaweza kulipwa na utando unaojua kushika maji.

Sasa vitundu.

Mwaka 1871 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alionyesha kwamba mvuke uliomo ndani ya nafasi finyu hugeuka maji mapema kuliko mvuke wa mahali wazi. Kuta zinazopenda maji huyavuta kutoka pande zote, na yakishaingia hayatoki kirahisi. Kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba, ndivyo kinavyojaa hewa ikiwa bado kavu. Kwenye nyuzi 80 na unyevu wa nusu, kitundu chenye kipenyo cha nanometa 2 hivi hujaa maji bila kuloweshwa na mtu. Mkulima analijua jambo hili kwa mikono yake: kiangazi kikikaza mwezi wa Julai, mchanga wa bondeni umekuwa vumbi, na udongo wa mfinyanzi kando yake bado una ubaridi ndani.

Kwa hiyo wanakemia huchukua kitu kigumu chenye vinyweleo vya kipimo hicho, wakakisaga na kukichanganya na polima ya utando. Kitu kigumu kina faida ambayo Nafion haina: kuta zake hazinywei. Ni chungu, si puto. Masahiro Watanabe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yamanashi, Japani, walikwisha onyesha katika miaka ya 1990 kwamba chembe ndogo za silika na platinamu ndani ya Nafion huuwezesha utando kujilowesha wenyewe kwa maji yanayozaliwa humohumo.

Ila si kila kitundu kinafaa, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Karibu na Gilgil, Kenya, kwenye machimbo ya Kariandusi, kuna miamba myeupe ya diatomaiti, mabaki ya mwani mdogo mno ulioishi katika ziwa la kale. Ukiitazama kwa hadubini imejaa matundu kama kichujio, na kweli hutumika kuchujia. Mtu angeikimbilia. Lakini matundu yake ni mapana mara kumi, mengine mara mamia, kuliko tunayoyataka, na Kelvin hana msaada hapo. Yatakauka kama bomba lililo wazi. Kwenda upande wa pili nako kuna hatari. Kitundu kikiwa chembamba kupita kiasi, karibu kila molekuli ya maji imegusana na ukuta, imeshikwa, haiwezi kujigeuza. Wagonjwa wapo kwenye benchi lakini wamepigiliwa misumari, na hakuna anayesogea.

Halafu kuna suala la asidi. Silika tupu hushika maji lakini haina protoni za kutoa. Ukiongeza nyingi, umeyaweka maji mahali pasipo na wasafiri na umeiondoa polima iliyokuwa nao. Kwa hiyo kuta za vitundu zipakwe asidi, ziwe na kiu na pia zitoe protoni. Na unga wenyewe usigande madonge. Kila aliyepika uji anajua kwamba unga mwingi uliotiwa kwa haraka hauchanganyiki, na utando wenye madonge hupasuka pale pale kwenye donge. Mara nyingi kiasi kinachofaa ni asilimia chache tu za uzito. Zaidi ya hapo faida hugeuka hasara.

Jambo la mwisho ni njia. Simama Kimihurura uangalie Gikondo ng'ambo ya bonde. Unaona paa za nyumba, unaweza karibu kumpungia mtu mkono. Lakini kufika huko unashuka, unazunguka, unapanda. Vitundu vilivyomo ndani ya utando vinaweza kujaa maji, kila kimoja kikiwa na kuta zenye asidi safi, na bado protoni ikazunguka mabonde yote kabla ya kufika. Kilichotakiwa ni vitundu vilivyoungana na kuelekea upande mmoja, kutoka haidrojeni hadi oksijeni. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalotenganisha utando mzuri na makala nzuri tu.

Ndiyo maana watu wengi walifurahi Oktoba 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipokwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi. Watatu hao walifungua njia ya kujenga fuwele kama fundi anavyojenga nyumba: atomu za metali ni nguzo, molekuli za kaboni ni boriti, na katikati vyumba vitupu vya kipimo unachokitaka. Yaghi, mtoto wa wakimbizi Wapalestina aliyekulia Amman, alitangaza mwaka 1999 fuwele ambayo gramu moja yake ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 2,000, nafasi ya viwanja vinne vya mpira wa kikapu na zaidi. Wengine waliofuata wametia asidi ya salfoniki ndani ya fuwele za zirkoni, ambazo hazilainiki majini, na baadhi yake, kwenye joto na unyevu mwingi, hupitisha protoni karibu sawa na Nafion. Udhaifu wake ni kwamba ni unga. Unga hauzuii haidrojeni kupenya. Lazima ukae ndani ya polima, na pale punje inapokutana na polima ndipo protoni hukwama.

Mimi naona kuna njia nyingine inayotugusa kwa karibu zaidi. Katika wilaya ya Rulindo, kaskazini mwa Kigali, kuna machimbo ya Nyakabingo, makubwa kuliko yote ya tangsteni barani Afrika. Wachimbaji huyaita madini hayo wolframu. Husafishwa hadi kuwa unga mzito mweusi, yakatiwa magunia na kuuzwa nje, na huko huwa ncha za kekee na vyuma vya kukatia. Wachache wanajua kwamba tangsteni huzaa pia mojawapo ya asidi kali mno za yabisi zinazojulikana. Atomu kumi na mbili za tangsteni huzunguka moja ya fosforasi, zikiunganishwa na oksijeni, zikafanya tufe la nanometa moja. J. F. Keggin alilichora umbo hilo mwaka 1933. Asidi hiyo hupitisha protoni vizuri sana. Tatizo lake moja ni kwamba huyeyuka majini, na seli ya haidrojeni hutengeneza maji mchana kutwa, kwa hiyo huoshwa ikaisha. Dawa ni vitundu. Tufe la nanometa moja likifungiwa ndani ya silika yenye vinyweleo vya nanometa tatu au nne, hukaa. Silika hiyo inaweza kutengenezwa kwa majivu ya maganda ya mpunga, ambayo sehemu yake kubwa ni silika, na mpunga unalimwa Bugarama na katika mabonde mengi ya nchi hii.

Na utando wa namna hiyo una faida ya pili. Hufanya kazi kwenye joto linalopita nyuzi 100, ambako Nafion imeshakauka. Kwa nini tutake joto? Kwa sababu ya Ziwa Kivu. Chini ya maji yake mmeyeyuka methani ya kilomita za ujazo 60 hivi, na mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi huivuta na kuzalisha megawati 26 kwa kuichoma. Methani inaweza pia kutoa haidrojeni, ila haidrojeni hiyo huja na monoksidi ya kaboni. Kwenye nyuzi 80, hata chembe chache katika milioni hung'ang'ania platinamu na kuiziba. Kwenye nyuzi 160, platinamu ileile huvumilia asilimia moja au zaidi. Utando wa joto la juu ungepunguza sana kazi ya kuisafisha gesi ya ziwa letu.

Kwa pikipiki za mjini sina ubishi: betri zimeshinda. Kampuni ya Ampersand ilianza hapa mwaka 2019, na motari hubadilisha betri kwa dakika chache. Ninachofikiria ni hospitali ya mbali inayohitaji umeme siku tatu mfululizo mvua ikiwa imekata laini, na malori ya milimani.

Kuna na sababu inayobeba jina la mji wetu. Tarehe 15 Oktoba 2016, hapa Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za majokofu zenye florini, na makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali. Hayahusu Nafion, ambayo si gesi. Lakini Nafion nayo imejaa florini, ni ya jamii ya kemikali zisizooza, na Januari 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza jamii hiyo nzima ibanwe. Polima zisizo na florini zipo, ila peke yake nyingi hupitisha protoni kwa udhaifu hewa ikikauka. Vitundu ndivyo vinavyoweza kuzinyanyua.

Vifaa vya kuanzia vinapatikana. Kigali kuna Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kile alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Katika mji huohuo wa Trieste, mwaka 1985, Roberto Car na Michele Parrinello walibuni njia ya kufuatilia kwa kompyuta atomu zinapotembea na elektroni zao zinapojipanga upya. Njia hiyo ndiyo iliyowawezesha watu hatimaye kulitazama benchi la Grotthuss likisogea, hatua kwa hatua. Programu ya Quantum ESPRESSO, iliyotokana na jamii hiyohiyo ya wanasayansi, haiuzwi. Mwanafunzi yeyote anaweza kuipakua leo usiku na kujaza maji kwenye kitundu cha silika cha nanometa mbili.

Kompyuta haitoshi, lakini kipimo chenyewe si cha gharama ya kutisha. Kinahitaji kipande cha utando, elektrodi nne, chumba kidogo chenye joto na unyevu unaodhibitiwa, na kifaa cha kusoma ukinzani kwa mkondo wa kwendarudi. Ningependa kuona utando mmoja tu wenye vitundu ukipimwa hivyo hapa mjini, katikati ya Julai, kwa kilopaskali 84, madirisha yakiwa wazi na vumbi la kiangazi likipita nje, na karatasi ya matokeo ikiandikwa juu yake: Kigali.